Jina la Kitu Kisichokuwepo: Kikao Maalumu cha Kamati ya Istilahi

Kosa ambalo watu wengi hulifanya ni kudhani kwamba mahali patupu hapana kazi. Wakiingia chumbani huhesabu watu walioketi, wala hawahesabu kiti kilichobaki. Kamati hii ililifanya kosa hilo kwa muda wa saa moja na nusu, na Katibu ameagizwa aandike jinsi lilivyorekebishwa. Msomaji asiyejua mambo ya umeme asiogope. Waliohudhuria pia hawakuyajua, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyetusumbua zaidi.

CHAMA CHA WAPENZI WA KISWAHILI, NAKURU
KAMATI YA ISTILAHI

Tarehe: Jumamosi, 16 Juni 2007
Mahali: Chumba cha juu, duka la vifaa vya umeme la Bw. Parminder Singh, mjini Nakuru

Waliohudhuria:
Bi. Kuluthum Miraji, mwalimu mstaafu wa Kiswahili – Mwenyekiti
Bw. Parminder Singh, mfanyabiashara – mwenyeji wa kikao
Bi. Wangare, mwenye mkahawa, Rhonda
Bw. Kiplangat, askari mstaafu, Lanet
Bw. Hanif, mpiga picha
Mw. Micah Cheboi, mwalimu mstaafu wa fizikia – Katibu

Mgeni: Bi. Jepchumba, mwanafunzi wa shahada ya uzamifu
Aliyetoa udhuru: Bw. Mayur (harusini, Kisumu)
Asiyetoa udhuru: Bw. Kipketer (mara ya tatu)

Maneno yaliyo katika alama za kunukuu yameachwa kama yalivyosemwa. Mwenyekiti ameomba masikitiko yake kuhusu ngeli yaandikwe hapa mara moja, ili yasirudiwe kila ukurasa.

KUMB. NA. 1/06/2007: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Alieleza kwamba dakika kumi zilizopotea zilitokana na ngazi za mwenyeji. Bw. Parminder alieleza kwamba ngazi hizo zimekuwapo tangu mwaka 1961 na hazijawahi kumchelewesha mteja mwenye shida ya kweli.

Mwenyekiti alimtambulisha mgeni. Jepchumba alikuwa mwanafunzi wake wa Kiswahili kwa miaka minne. Sasa anasomea fizikia, na amekubaliwa katika maabara moja ng'ambo kuanzia Septemba. Hata hivyo, wafadhili wake wameweka sharti. Watu watano wa kwao wasio wanasayansi waelezwe utafiti wake kwa lugha yao wenyewe, wauelewe, na kila mmoja aandike kwa mkono wake alichokielewa na kutia sahihi. Kumbukumbu za kikao ziambatishwe. Fomu ni moja tu, haikubali kufutwafutwa, na muhuri wa posta lazima uwe wa tarehe isiyopita leo. Ikikosa hata sahihi moja, nafasi itakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Bw. Kiplangat aliuliza kama Katibu anaweza kuwa mmoja wa watano. Ilielezwa kwamba hawezi, kwa kuwa alifundisha fizikia miaka thelathini na anahesabiwa kuwa amekwisha kuharibika. Bw. Kiplangat alihesabu waliobaki, akahesabu tena, akatangaza kwamba ni watano kamili na hakuna wa akiba.

Mwenyekiti alisema kikao kitakuwa kifupi. Yeye mwenyewe alikuwa ametia sahihi jana jioni ili kuokoa muda.

KUMB. NA. 2/06/2007: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa. Bw. Parminder alipinga maneno "alipiga kelele" katika ukurasa wa pili. Baada ya majadiliano ya dakika kumi na mbili, maneno hayo yalibadilishwa kuwa "alisisitiza kwa sauti". Bw. Parminder alisisitiza kwa sauti kwamba ameridhika.

KUMB. NA. 3/06/2007: MAELEZO YA MGENI

Jepchumba alieleza kwamba anachunguza aina mpya ya diodi, yaani kifaa kidogo kinachotoa mwanga umeme unapopita. Kifaa hicho kimepangwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka la katikati lina punje ndogo mno ziitwazo nukta za kwanta. Rangi ya mwanga hutegemea ukubwa wa punje: kubwa kidogo hutoa nyekundu, ndogo zaidi hutoa buluu.

Bi. Wangare alisema hilo si geni kwake. "Ni kama kuchagua maharagwe na chekeche. Ukubwa moja, sufuria moja." Mgeni alikubali. Hilo lilikuwa jambo la mwisho kukubaliwa bila ubishi hadi saa nne na robo.

Mgeni aliendelea kwamba kutoka upande mmoja wa kifaa huingia elektroni. Kutoka upande wa pili huingia kitu kingine. Vikikutana ndani ya punje, mwanga hutoka. Kazi yake ni kukiwasha kifaa kwa muda mfupi mno, sehemu za milioni za sekunde, na kupima mwanga unachelewa kiasi gani kutokea na kiasi gani kufifia. Kwa kuchelewa huko anajua nani amefika mapema na nani yuko bado njiani.

Bw. Hanif aliuliza, "Sasa dada, hiyo kitu ingine ni nini?"

Mgeni alijibu kwamba ni mahali ambapo elektroni ingekuwa lakini haipo. Alisema vitabu vyake vyote ni vya Kiingereza, na humo kitu hicho huitwa kwa neno linaloweza kuwa shimo au tundu. Alikuwa amekuja kwa Kamati ili apewe neno.

Ieleweke kwamba hadi hapo chumba kilikuwa na amani.

KUMB. NA. 4/06/2007: NENO

Bw. Kiplangat alipendekeza "shimo". Alieleza kwamba neno hilo linajulikana na kila mtu kutoka Lanet hadi Kikopey, hasa wenye magari.

Mwenyekiti alilikataa. Alifafanua kwamba shimo huchimbwa chini na lina kina. Kinachopenya upande hadi upande ni tundu. Watu wa bara, alisema, wana neno moja kwa vitu vyote vilivyo wazi, kuanzia sindano hadi kaburi. Alipendekeza "tundu", na akaeleza asili yake, wingi wake na matumizi yake katika ushairi.

Bi. Wangare alisema, "Kwangu tundu ni ya kuku." Mwenyekiti alieleza kwamba hilo pia ni tundu. Bi. Wangare alitaka kujua kama mgeni anakwenda ng'ambo kusomea kuku.

Bw. Parminder, ambaye hakuwa amesema neno kwa dakika kumi na tisa, aliomba nafasi. Maneno yake yameandikwa kamili kwa ombi lake: "Mimi niko kwa hii kazi ya umeme miaka thelathini na nane. Waya ni mbili, positivu na negativu. Shimo hakuna. Waya ikiwa na shimo, unatupa. Sasa huyu msichana, na ninamheshimu, anasema shimo inatembea. Shimo itatembea aje?"

"Litatembeaje," alisema Mwenyekiti.

"Hiyo ndiyo nauliza."

"Ninakusahihisha, Singh."

"Usinisahihishe, Mwalimu. Nijibu."

Mwenyekiti alieleza kwamba kazi ya Kamati ni kutoa neno, na kitu chenyewe ni cha wenyewe. Alipendekeza kura ipigwe. Tundu lilipata kura mbili, shimo kura mbili. Bw. Parminder alikataa kupiga kura akisema hawezi kukibatiza kitu ambacho hajakiona. Neno halikupatikana.

KUMB. NA. 5/06/2007: SAHIHI

Saa tatu na dakika hamsini Mwenyekiti alielekeza kwamba suala la neno liahirishwe na fomu itiwe sahihi. Bw. Hanif alichukua kalamu. Bw. Parminder alisema yeye hatatia.

Bw. Kiplangat alimwambia kwamba anamharibia mtoto wa watu maisha kwa sababu ya ukaidi. Bw. Parminder alijibu kwamba fomu inasema "nimeelewa", na yeye hajaelewa. Akiandika uongo, wenye fomu watasoma, watacheka, na jina litakalochekwa ni la Jepchumba, si lake. Alimgeukia mgeni. "Mama, si kwamba sikutaki uende. Nataka uende na karatasi ya kweli."

Mgeni alisema ameelewa. Katibu alikuwa ameketi karibu naye, na anaweza kuthibitisha kwamba kalamu iliyokuwa mkononi mwake iliisha kofia kwa kutafunwa.

Bw. Parminder aliomba fomu, akavaa miwani, akaeleza kwamba mstari wa kwanza una sahihi ya Mwenyekiti lakini sehemu ya maelezo ni tupu. "Mwenyekiti ameshaelewa tangu jana. Basi atuambie kwa maneno yake. Mimi nitaandika hayo hayo."

Mwenyekiti alikunywa maji.

Mwenyekiti alieleza kwamba kuna elektroni, na kuna tundu, na kwamba tundu ni nomino ya ngeli ya LI-YA.

Bw. Parminder aliuliza inatembea aje.

Mwenyekiti alisema, "Mimi nimeelewa kisarufi."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Bw. Hanif, ambaye alitoka nje kidogo na kurudi. Mwenyekiti alivua miwani na kueleza kwamba hakuwa ameelewa lolote, si jana wala leo. Alikuwa ametia sahihi kwa sababu Jepchumba ni mwanafunzi wake, na kwa sababu mwalimu akikaa miaka thelathini na mitano mbele ya darasa husahau namna ya kuinua mkono na kuuliza.

Bi. Wangare aliuliza kama sahihi hiyo inaweza kufutwa. Ilikumbushwa kwamba fomu haikubali.

Mwenyekiti alisema, "Basi kama haifutiki, kilichobaki ni kuifanya iwe ya kweli. Mwalimu Micah, acha kuandika. Nifundishe."

Katibu aliacha kuandika kwa muda wa sentensi moja.

KUMB. NA. 6/06/2007: VITI

Katibu, kwa idhini ya mgeni, alipanga viti sita vya plastiki kwa mstari kutoka dirishani hadi mlangoni. Wanachama watano waliketi. Kiti cha dirishani kiliachwa wazi. Mgeni alisimama mlangoni akiwa elektroni inayosubiri kuingia. Katibu alishika tochi kutoka dukani na daftari lake katika mkono wa pili.

Utaratibu ulikuwa hivi. Aliye jirani na kiti kitupu ahamie humo, kisha anayemfuata ahamie alikotoka huyo, na kuendelea hivyo hivyo. Kila mtu angesogea kiti kimoja tu, kuelekea dirishani.

Bw. Hanif alihama kwanza. Bi. Wangare alipaza sauti, "Haya, pengo iko kwangu!" akahamia kiti cha Hanif. Bw. Hanif akasema, "Angalieni, pengo imefika kwa mzee sasa." Mzee aliyetajwa ni Bw. Kiplangat, ambaye goti lake la kulia halipendi haraka. Alinyanyuka kwa awamu tatu. Wote walisubiri. Mgeni mlangoni alisubiri.

Katibu alisimamisha zoezi hapo na kueleza kwamba goti la Bw. Kiplangat ndilo tatizo lenyewe ambalo mgeni anachunguza. Katika kifaa chake, elektroni huingia kwa wepesi, lakini upande wa pili una kizingiti kirefu zaidi, na huko mambo hukwama. Bw. Kiplangat alilalamika kwamba goti lake limeingizwa katika sayansi bila idhini.

Zoezi liliendelea. Mwenyekiti alihama, akageuka nyuma na kuuliza, "Na pengo langu liko wapi?" Bw. Kiplangat alimwonyesha kwa kidole. "Si limeenda kwa Singh? Wewe umekuja huku, pengo imeenda kule."

Bw. Parminder ndiye aliyebaki, kwenye kiti cha mlangoni. Hakuhama mara moja. Alitazama mstari mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Alisema, "Ngoja, ngoja. Watu wote wamesonga dirishani. Kila mtu kiti moja tu. Lakini pengo imetoka dirishani mpaka hapa, yote." Aliambiwa ahame. Alihama. Kiti cha mlangoni kilibaki kitupu, na mgeni akaketi. Katibu akawasha tochi.

Ieleweke kwamba tochi hiyo inawakilisha mwanga. Elektroni ikitua mahali palipo wazi hupoteza nguvu, na nguvu hiyo haipotei bure, hutoka kama mwanga.

Bi. Kuluthum, akiwa bado Mwenyekiti, aliinua mkono. Aliuliza, "Je, wakija wawili mlangoni na kiti ni kimoja?"

Mgeni alisema hilo ndilo swali la utafiti wake wote, na akainuka kwenye kiti.

Zoezi lilirudiwa kwa viti vitano. Mgeni aliungana na walioketi, nao Bw. Hanif na Bw. Parminder wakasimama mlangoni. Goti la Bw. Kiplangat lilichelewesha kama kawaida. Kiti kilipofika mlangoni, wote wawili walikiendea. Bw. Hanif alitua. Kiwiko chake, kwa bahati mbaya, kilimpata Bw. Parminder ubavuni, naye Bw. Parminder akampata Katibu, na tochi ikaanguka chini na kuzimika.

"Pole, mzee! Pole sana, boss wangu!" alisema Bw. Hanif.

"Kijana, wewe ni mshenzi," alisema Bw. Parminder, akishikilia mlango. Kisha akaitazama tochi iliyozimika. "Lakini hapana. Hapana. Nguvu yote imekuja kwa mbavu yangu. Mwanga hakuna."

Mgeni alithibitisha kwamba ndivyo hasa inavyokuwa. Elektroni zikirundikana nyingi ndani ya punje kuliko mapengo, inayotua humpa jirani yake nguvu badala ya kuitoa kama mwanga. Jirani hurushwa, na kifaa hupata joto bure.

Mwenyekiti alisema, "Aaa."

Iliagizwa kwamba "Aaa" hiyo iandikwe.

Bw. Parminder, akiwa amekaa sasa juu ya kasha la soketi, aliuliza swali. Kama hao wa dirishani hawawezi kuharakishwa, kwa nini hao wa mlangoni wasicheleweshwe? "Weka kitu kidogo hapo mlangoni. Kizuizi. Waingie mmoja mmoja."

Mgeni alifungua mkoba, akatoa pendekezo lake la utafiti, akamwonyesha ukurasa wa saba. Kulikuwa na mchoro wa tabaka jembamba lililowekwa upande wa elektroni ili kuzipunguzia kasi. Alieleza kwamba hakuwa amelitaja jambo hilo kikaoni kwa kuhofia litakuwa gumu.

Bw. Parminder aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Aliomba kalamu.

KUMB. NA. 7/06/2007: NENO, MARA YA PILI, NA KUAMBATISHWA KWA KUMBUKUMBU

Mwenyekiti alikumbusha kwamba neno bado halijapatikana na wanachama hawawezi kuandika maelezo bila neno. Aliomba mapendekezo mapya. Hakuna aliyependekeza.

Katibu aliomba ruhusa ya kusoma daftari lake. Aliwasomea yaliyosemwa wakati wa viti. Ilibainika kwamba Bi. Wangare alisema "pengo", Bw. Hanif "pengo", Bw. Kiplangat "pengo", Bw. Parminder "pengo", na Mwenyekiti mwenyewe "pengo langu". Neno hilo halikupendekezwa na mtu wala kuungwa mkono na mtu. Hakuna aliyesema shimo. Hakuna aliyesema tundu.

Mwenyekiti aliomba asomewe tena sehemu yake. Alisomewa. Alieleza kwamba pengo huachwa na kitu kinachotakiwa kuwapo, ilhali tundu linaweza kuwapo tu kwa ajili yake lenyewe, na kwa hiyo pengo ndilo sahihi, na kwamba angelifikia mwenyewe kama asingekatizwa. Lilipita bila kura.

Wanachama wanne waliandika maelezo yao na kutia sahihi. Bw. Parminder aliandika mistari sita na mchoro wa kizuizi. Mwenyekiti alijaza sehemu yake iliyokuwa tupu kwa maneno haya: "Mwanga hutoka elektroni inapokutana na pengo lake. Zikija nyingi kuliko mapengo, husukumana gizani. Binti huyu anataka kuzifundisha kusubiri."

Bw. Kiplangat ndipo alipotoa hoja kwamba Kumb. Na. 5 iondolewe kabla ya kumbukumbu kufungwa pamoja na fomu. Alieleza kwamba wenye fomu wakisoma kuwa sahihi ya kwanza ilitiwa bila kuelewa, wanaweza kuikataa yote, na aliyefundishwa na Mwenyekiti ndiye atakayebaki hapa Septemba. Bi. Wangare na Bw. Hanif walimuunga mkono. Katibu alieleza kwamba anaandika kwa karatasi ya kaboni, lakini ukurasa unaweza kunakiliwa upya kama Kamati itaagiza.

Wote walimtazama Jepchumba. Alisema ni uamuzi wa Mwalimu wake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mwenyekiti alisema, "Iache." Alieleza kwamba mtu akisoma kuwa watu watano walielewa mara tu walipoambiwa, hataamini, na atafanya vizuri kutoamini. Akisoma kwamba mmoja alikataa, mwingine akaumbuka, kisha wakahamishana viti mpaka wakaelewa, hapo ameshuhudia mtoto huyu akifundisha. "Ni hilo walilouliza. Hawakuuliza kama mimi nina akili."

Bw. Parminder aliunga mkono hoja ya Mwenyekiti. Katibu anathibitisha kwamba katika miaka sita ya Kamati hii jambo hilo halijawahi kuandikwa. Kumb. Na. 5 ilibaki.

KUMB. NA. 8/06/2007: KUFUNGA

Hapakuwa na mengineyo, ingawa Bw. Kiplangat aliyatafuta. Kikao kilifungwa saa tano na dakika ishirini. Kumbukumbu hizi zilisomwa zote mbele ya wanachama, zikakubaliwa pamoja na kiwiko, na kutiwa sahihi papo hapo.

Bi. Kuluthum Miraji
MWENYEKITI (sahihi)

Mw. Micah Cheboi
KATIBU (sahihi)

16 Juni 2007

Agizo: Posta hufungwa saa sita. Jepchumba, ipeleke bahasha leo.